Shabiki wa Saa Kumi na Moja

Mtu anahitaji kuteseka miaka mingapi ndio aruhusiwe kusema "tumeshinda"?

Nauliza kwa sababu niliulizwa. Agosti 2025 Kenya iliandaa CHAN pamoja na Tanzania na Uganda, na mimi, ambaye sikuwa nimewahi kutazama mechi nzima tangu nizaliwe, nikajikuta shabiki. Sikukusudia. Jumapili ya tarehe 3 nilikuwa nimesimama mlangoni pa kibanda cha video hapa Nyamasaria, karibu na barabara kuu ya Nairobi, nikisubiri chenji baada ya kununua kredo. Ndani walikuwa wakitazama Kenya na Kongo. Muda mfupi kabla ya mapumziko Austin Odhiambo akafunga, kibanda kikalipuka, na nikajisikia nikipiga kelele pamoja nao: "Tumefunga!" Kijana mmoja wa benchi la nyuma akageuka, akaniangalia toka kichwani hadi kwenye slipa.

"Nyinyi na nani, dada?"

Watu walicheka, nami nikacheka. Lakini swali lenyewe lilikuwa zito kuliko alivyojua. Hicho kiambishi "tu" ndicho kitu cha ajabu zaidi katika mpira wote. Watu kumi na mmoja wako Kasarani, zaidi ya kilomita mia tatu kutoka hapa. Wamefanya mazoezi miezi, wamekimbia, wamekanyagwa. Mimi nimesubiri chenji. Halafu sote tunatumia kitenzi kimoja.

Mtihani wa pili ulikuja siku ya Angola, ile sare ya 1-1. Nililipa shilingi 30 kama watu wengine, nikakaa. "Kabla hatujaanza," mmoja akasema, "nyar Kolwa atueleze kuotea ni nini." Nilieleza, kwa sababu nilikuwa nimesoma kwenye simu usiku uliotangulia, na nikaeleza vizuri hadi mwenye kibanda akapiga makofi. Sasa hebu tuambiane ukweli. Kwenye benchi hilo hilo walikaa wanaume watatu wenye jezi za Arsenal. Hakuna kati yao aliyewahi kufika London. Timu yao wakati ule ilikuwa haijachukua ubingwa wa ligi ya Uingereza tangu 2004, mwaka ambao mmoja wao, kwa kumkadiria, alikuwa bado ananyonya. Wakisema "sisi" hakuna anayewauliza wao na nani. Lakini mwanamke akishangilia timu ya nchi yake mwenyewe, anaombwa cheti.

Mimi na vyeti tuna historia. Niliacha chuo mwaka wa tatu karo ilipokataa kupatikana, na tangu hapo naishi kwa kuandika hiki na kile, nalipwa kwa kipande. Kila nikitaja kitu nilichosoma hakosi mtu wa kuuliza, "Kwani ulimaliza?" Kwa hiyo sikio langu linaijua sauti ya mtu anayelinda mlango. Nikiisikia, kitu cha kwanza nataka kufanya ni kuusukuma.

Hata hivyo walinda mlango hawa wana hoja, na si vizuri kuipuuza kwa sababu tu imesemwa kwa kejeli. Harambee Stars si timu iliyowahi kuwapa watu wake raha nyingi. Kenya ilipewa Kombe la Afrika la 1996 ikanyang'anywa, likaenda Afrika Kusini. Ikapewa CHAN ya 2018, ikanyang'anywa tena, ikaenda Morocco. Tangu 2004 tumefika Kombe la Afrika mara moja tu, 2019. Mwaka 2022 FIFA ilitufungia kuanzia Februari hadi Novemba, na mashabiki wakabaki bila hata timu ya kuwaudhi. Kuna watu waliokuwa wakiifuata timu hii miaka yote hiyo, wakienda uwanjani kutazama viti vitupu. Halafu unakuja wewe Agosti, jua limewaka, na jezi mpya ya kununua sokoni. Wanachosema ni kwamba furaha hii ni malipo ya uvumilivu, na wewe hujavumilia chochote.

Kwa klabu mambo ni tofauti kidogo. Ukizaliwa huku, Gor Mahia huichagui, unapewa pamoja na jina. Mjomba wangu akikusimulia Kombe la Mandela la 1987, walivyotoka sare mara mbili na Espérance ya Tunisia na kulichukua kwa mabao ya ugenini, utadhani alikuwa benchi la akiba. Hajawahi kufundishwa kuipenda, na hakuna anayemuuliza alianza lini. Lakini timu ya taifa hakuna mjomba aliyeniachia. Nikiangalia mle kibandani mwezi ule, wengi wa waliokuwa wakinicheka walikuwa wageni kama mimi. Walijua mpira, ndio. Harambee Stars walikuwa hawaijui. Majina ya wachezaji tuliyasoma pamoja kwenye skrini. CHAN ile ilikuwa ya wachezaji waliokuwa wakicheza ligi za nyumbani, kwa hiyo hawa walikuwa watu ambao ungeweza kukutana nao kwenye matatu, na ligi yao ilikuwa ikichezwa kila wikendi sisi tukiwa tumekodolea Uingereza macho.

Aliyekuwa na haki ya kuuliza alikuwa mmoja tu, na hakuuliza.

Tunamwita Jaduong', kama tunavyowaita wazee wote, na sioni sababu ya kumpa jina lingine. Anauza vipuri vya baiskeli. Yeye anaikumbuka Harambee Stars iliyofika fainali ya Michezo ya Afrika ya 1987 pale Nairobi ikafungwa na Misri bao moja kwa bila, na anaisimulia bila kupandisha sauti, kama mtu anayesimulia deni. Siku ya Morocco, Jumapili tarehe 10, alikaa kando yangu. Aliona nafuata mpira tu kwa macho, kushoto kulia, kama paka. "Nyathina," akaniambia, "acha mpira. Mwangalie beki wao wa kulia. Amechoka." Nikamwangalia. Kweli, alikuwa akirudi akitembea. Hicho ndicho muda unachokupa. Unaona mechi nyingine ndani ya mechi.

Ryan Ogam akafunga kabla ya mapumziko. Tukaruka. Jaduong' hakuruka. Alitoa simu yake, akaitazama, akairudisha mfukoni, na kijana wa kando yake akaanza kucheka: "Jaduong' ameweka mkeka! Jaduong' ameipa Morocco!"

Ilikuwa kweli. Shilingi mia mbili.

Nilikasirika kuliko nilivyostahili. Huyu ndiye shabiki wa kweli? Mimi naombwa nieleze kuotea, naye, baada ya miaka arobaini, amewekea pesa timu inayocheza na nyumbani? Pale pale nikajitengenezea kipimo, na nikajiona mwerevu sana. Kipimo ni hiki: mtu akiumia kwa sababu ya mechi, muulize ungefidiwa na nini. Mwenye mkeka ukimrudishia mia mbili yake, maumivu yamekwisha. Shabiki hakuna wa kumfidia. Ukimpa shilingi elfu moja atazipokea, atazila, na kesho ataamka na uchungu ule ule. Basi shabiki ni yule ambaye hasara yake haina bei, na miaka haina uhusiano na jambo hilo.

Morocco walikuwa wamelichukua kombe hili mara mbili, na Kenya ilikuwa ndani yake kwa mara ya kwanza. Mwamuzi akatoa kadi nyekundu kabla ya mapumziko, na kipindi kizima cha pili Kenya ikacheza na watu kumi. Sijui dakika arobaini na tano zinavyoweza kurefuka hivyo. Jaduong' alikaa mikono katikati ya magoti. Filimbi ya mwisho ilipolia, mzee yule alisimama, akavua kofia, na machozi yalikuwa yanamtoka. Akaniambia, "Nimepoteza mia mbili na nimefurahi. Hiyo inaitwaje, wewe uliyesoma?"

Sikuwa na jibu, na kipimo changu kikaingia maji. Baadaye alinieleza bila kuulizwa. Huwa anaweka pesa dhidi ya Stars kila wanapocheza na timu kubwa. Wakishinda, amefurahi. Wakifungwa, harudi nyumbani mikono mitupu. "Hawa watu wamenizoesha," alisema. Mkeka wake ulikuwa kama lile shuka unalotandika chini ya paa linalovuja. Halizuii mvua.

Hapo nikaona tofauti halisi kati yake na mimi, na haikuwa ile niliyodhani. Mimi niliingia na moyo mzima kwa sababu haukuwa umewahi kuvunjwa mahali pale. Ujasiri wangu ulikuwa wa mtoto anayeshika kaa la moto kwa kuwa ni jekundu na zuri. Yeye alijua kila kilichoweza kutokea, akaja, akalipa shilingi 30, akakaa. Ukiniuliza nani alistahili heshima zaidi Jumapili ile, ni yeye, mkeka na yote.

Lakini heshima ni kitu kimoja na hatimiliki ni kingine, na hapa ndipo nakataa kuisindikiza hoja ya walinda mlango hadi mwisho. Wengi wetu tumelelewa kanisani, na mnakijua kisa cha mwenye shamba la mizabibu katika Injili ya Mathayo. Aliajiri vibarua alfajiri, akaajiri wengine mchana, na wengine saa kumi na moja jioni, kisha akawalipa wote sawa. Wa alfajiri walinung'unika. Nimesikia kisa hicho kikihubiriwa labda mara ishirini, na kila mara moyo wangu uko na wa alfajiri, maana mimi pia nimewahi kulipwa sawa na mtu aliyefanya nusu ya kazi na najua inavyochoma. Pale malalamiko yana mantiki. Pesa ni kitu cha kugawanywa. Ukimpa huyu, kuna mfuko ambao haukupata.

Furaha ya bao haigawanywi hivyo. Si mbuta aliyekatwa vipande mezani kwamba mimi nikichukua mkia, Jaduong' abaki na kichwa. Nijuavyo mimi inafanya kinyume. Mle kibandani siku ya Zambia, tarehe 17, Ogam alipofunga tena kipindi cha pili na tukamaliza tukiongoza kundi ambalo kila mtu alikuwa ametuzika ndani yake, tulijaa hadi watu wakasimama nje wakichungulia kwenye matundu ya misumari. Kama furaha ingekuwa mali, wa zamani wangetoka pale na kidogo kuliko walivyoingia nacho. Jaduong' alitoka akiwa amebebwa juu juu na vijana ambao wiki mbili nyuma hawakuijua timu.

Kwa hiyo kuhusu mlango nina uhakika. Mtu yeyote aingie, saa yoyote. Robo fainali nayo, kwa bahati, ilipangwa saa kumi na moja jioni.

Kuhusu hilo "tu" lakini, sikufika mbali hivyo, na aliyenizuia hakuwa mlinda mlango. Ni jirani yangu, kijana wa umri wangu, fundi wa simu hapo stejini. Yeye ndiye mpenzi wa mpira kuliko wote mtaani, na mwezi mzima wa Agosti hakukanyaga kibanda.

Ni lazima niwarudishe nyuma kidogo. Mechi ya Kongo ilichezwa chini ya mwezi mmoja baada ya Saba Saba, siku ambayo Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu zaidi ya watu 30 waliouawa. Kabla ya hapo kulikuwa na Juni 25, na mwaka mmoja nyuma Juni 25 nyingine. Jirani yangu alimpoteza ndugu yake katika moja ya siku hizo za maandamano. Sitasema ipi. Kisha ghafla nchi ikaimba. Rais aliahidi kila mchezaji shilingi milioni moja kwa kila mechi ya kundi watakayoshinda, nusu milioni wakitoka sare, na sisi tukapiga hesabu za milioni za watu wengine kwa furaha kabisa. Siwasemi wachezaji vibaya. Ligi yetu inavyolipa inajulikana, na mtu akipewa haki yake ya jasho hata kwa mbwembwe, aichukue, ajenge. Lakini bendera iliyokuwa imefunika mabega ya vijana barabarani Juni ndiyo iliyokuwa ikipeperushwa jukwaa la wakubwa Agosti, na wimbo wa taifa ulikuwa ule ule.

Nilimwendea jioni ya ushindi dhidi ya Morocco. Nilikuwa nimelewa furaha, na nilidhani namletea dawa. Nikamwambia angekuja, mtu anahitaji kusahau kidogo. Hakukasirika. Alikuwa na skrini ya simu mkononi, anaipuliza vumbi.

"Furahini tu, mimi sina neno," alisema. "Lakini msiseme Kenya imefurahi kama vile tuko sote."

Nimejaribu kumjibu kichwani tangu siku ile. Jibu langu la kwanza lilikuwa kwamba kuna "sisi" mbili: ile ya kibandani na ile ya jukwaani, na wakubwa wakijipachika kwenye furaha yetu haiwi yao, kama vile nzi kutua kwenye samaki hakumfanyi awe mvuvi. Nusu ya jibu hilo naiamini bado. Mle kibandani hakuna aliyemshangilia mkubwa yeyote. Tulimshangilia kijana wa ligi ya nyumbani aliyekimbia hadi akaishiwa. Jibu la pili lilikuwa kwamba waliokufa nao walikuwa wapenda mpira, na wangetaka tufurahi. Hili nililifuta haraka. Ni jibu baya. Marehemu hawapigiwi kura ya kutuunga mkono kila tukihitaji.

Tatizo ni kwamba jirani yangu hakuwa ananiuliza kama nina ruhusa ya kufurahi. Hilo alinipa bure. Alikuwa anaulizia kitenzi changu. Siku zote nilikuwa nimehangaika na mlango: nani anazuiwa kuingia ndani ya "tu", nani anaombwa cheti. Sikuwa nimefikiria mtu ambaye yuko nje kwa hiari yake na sisi tunamhesabu ndani bila kumuuliza. Kiswahili kinasaidia uzembe huu. Ukisema "tumeshinda", hakuna herufi yoyote inayoonyesha kama unayezungumza naye yumo. Anayesikiliza inabidi ajitoe mwenyewe, na kujitoa kunamfanya aonekane mkorofi, mtu asiyependa nchi yake. Kijana wa benchi la nyuma aliponiuliza "nyinyi na nani" alitaka kunitoa, na iliniuma. Mimi jioni ile nilimwingiza jirani yangu kwa nguvu, na nilitarajia anishukuru.

Bado sisemi nisiseme "tumeshinda". Mtu hawezi kuruka juu kwa nafsi ya kwanza umoja, jaribu uone. "Nimefunga!" ni uongo, "wamefunga" ni ya mtu anayesoma taarifa ya habari. Bila "tu" hakuna ushabiki. Ninachojua ni kwamba neno hilo linachukua watu kama matatu ya jioni, linajaza hata wasiokuwa wanaenda huko, na afadhali utingo aulize.

Tarehe 22 Agosti tukatolewa. Alphonce Omija alifunga mwanzo wa kipindi cha pili, Madagascar wakasawazisha kwa penalti, na mikwaju ilipofika tukapoteza 4-3. Waliokosa sitawataja, mnawajua, na wameshatajwa vya kutosha. Kijana wa benchi la nyuma alilala chini kwenye vumbi la kibanda, akajifunika jezi usoni. Nilikaa karibu naye kwa sababu sikuwa na nguvu za kusimama. Hakuna aliyeniuliza chochote. Kipimo changu cha fidia, kwa kadiri kilivyo na thamani, nilikifaulu usiku ule: nilikataa chai, nikakataa chapati, na ukinijua utaelewa.

Tarehe 30 Morocco walilichukua kombe mbele ya Madagascar, 3-2, hapo hapo Kasarani. Wengi wetu tulitazama, lakini kama watu wanaohudhuria harusi ya mtu waliyemtaka.

Ndipo ikaja Gambia. Ijumaa, Septemba 5, mechi ya kufuzu Kombe la Dunia ambalo tulikuwa tumeshaachwa nyuma mbali. Hakuna milioni, hakuna nyimbo. Kibandani tulikuwa kumi na wawili, pamoja na mwenye kibanda na mtoto wake. Arsenal wawili tu kati ya wale watatu. Jaduong' alikuwepo, akaniambia nimwangalie kiungo wao mmoja, nikamwangalia hadi macho yakauma. Ogam alitufungia moja. Wao wakafunga tatu.

Kurudi nyumbani nilipitia stejini. Fundi wa simu alikuwa anafunga, anapanga bisibisi zake ndani ya bati la biskuti.

"Ilikuwa ngapi?" akauliza. Hajawahi kuuliza mwezi mzima.

"Tatu moja."

"Mmefungwa na nani?"

"Gambia."

"Gambia!" Akatikisa kichwa, akafunga bati. Alikuwa amesema "mmefungwa". Nililisikia vizuri na sikumsahihisha. Nikamshikia taa ya simu apate kuona kufuli, kisha tukatembea pamoja hadi kwenye daraja tukizungumza kuhusu bei ya unga.